Sauti Iliyolishinda Gitaa Kavu

Demo ya kwanza ya bendi ya Nightwish haina gitaa la umeme wala dramu. Ni nyimbo tatu tu, zilizorekodiwa mwishoni mwa mwaka 1996 na vijana watatu wa Kitee, mji mdogo ulio mashariki mwa Finland: mmoja wa kinanda, mmoja wa gitaa kavu, na msichana mmoja wa kuimba. Aliyezitunga alitaka muziki mpole, wa kupigwa usiku watu wakiwa wameuzunguka moto. Wazo lenyewe lilimjia mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa na rafiki zake kando ya moto katika kisiwa cha ziwa la Pyhäjärvi. Tatizo ni kwamba msichana aliyemwita aimbe alikuwa akisomea uimbaji wa kitaaluma, ule wa kumbi za opera. Walipokaa kusikiliza walichorekodi, gitaa kavu lilikuwa limemezwa. Walikuwa na njia mbili: watafute mwimbaji mwenye sauti ndogo, au watafute muziki mkubwa zaidi. Walichagua ya pili, na yote yaliyofuata, magomvi yakiwemo, yametokana na uchaguzi huo.

Kitee iko katika mkoa wa Karelia Kaskazini, karibu na mpaka wa Urusi. Ni nchi ya maziwa na misitu, yenye wakazi wapatao elfu kumi, na majira ya baridi ambayo jua huchungulia kwa saa chache tu kisha likaondoka. Kwa Wafini wenyewe, sifa ya zamani ya mji huo ilikuwa gongo: pombe ya kupikwa kwa siri msituni, ambayo Kitee iliipika kwa ufundi hata ikawa fahari ya mahali. Lakini Karelia ina sifa nyingine iliyo kongwe zaidi. Mwaka 1828 Elias Lönnrot, aliyekuwa akizunguka vijijini akiandika mashairi ya kale yaliyoimbwa na wazee, alifika Kesälahti na kumkuta mwimbaji hodari aitwaye Juhana Kainulainen. Kesälahti leo ni sehemu ya manispaa ya Kitee. Kutokana na safari za namna hiyo Lönnrot aliipanga Kalevala, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1835, utenzi mkuu wa Wafini, ambao nasi tunaweza kuusoma kwa Kiswahili kwa sababu Jan Knappert aliutafsiri. Sisemi kwamba damu ya Kainulainen ilihamia kwenye magitaa. Nasema tu kwamba mtoto wa huko hakui akidhani muziki ni jambo la mji mkuu.

Kulikuwa pia na sababu isiyo na ushairi wowote: vyuo vya muziki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Finland imekuwa ikichangia kwa sheria gharama za vyuo vya muziki vya watoto, hata katika miji midogo. Mtoto wa fundi seremala anaweza kujifunza piano kwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Kitee ilimpata Plamen Dimov, mwanamuziki kutoka Bulgaria aliyekuja kufundisha, na mikononi mwake walipita wote wawili, mtunzi na mwimbaji. Watu wakiulizana ni kwa nini nchi ya watu milioni tano na ushei imetoa bendi nyingi za metali kiasi kile, hupenda kutaja giza na baridi. Mimi ningeanza na bajeti ya elimu.

Mtunzi ni Tuomas Holopainen, aliyezaliwa siku ya Krismasi mwaka 1976. Alijifunza piano na klarineti, akapenda filamu za Disney na muziki wa filamu kuliko kitu kingine chochote. Metali, yaani roki nzito ya magitaa yanayonguruma, aliionjeshwa Marekani alipokwenda huko kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi na kupelekwa kwenye onyesho la bendi ya Metallica. Aliporudi alipiga kinanda katika bendi za metali za ukali wa kupindukia, zikiwemo Darkwoods My Betrothed na Nattvindens Gråt. Alikuwa mpiga kinanda katika aina ya muziki ambayo kinanda huwekwa pembeni, na nadhani hilo lilimchosha. Wazo la kisiwani lilikuwa kuwa na kitu chake mwenyewe.

Mpiga gitaa, Erno Vuorinen, ambaye kila mtu humwita Emppu, alikuwa kijana wa hapohapo. Mwimbaji alikuwa Tarja Turunen, aliyezaliwa Agosti 1977 na kukulia katika kijiji cha Puhos jirani na mji, binti wa seremala. Alianza kuimba akiwa mdogo sana, na katika ujana wake aliimba nyimbo za Whitney Houston kama wasichana wengi wa rika lake. Kilichomgeuza ni kumsikia Sarah Brightman akiimba katika tamthilia ya muziki ya The Phantom of the Opera. Akiwa na umri wa miaka 18 alihamia Kuopio kusoma katika tawi la Sibelius Academy. Holopainen alimfahamu tangu shuleni. Alimchagua kwa sababu alikuwa karibu na alijua kuimba. Hapakuwa na mpango wa kuunda aina mpya ya muziki.

Ili kuelewa kwa nini gitaa kavu lilishindwa, inafaa kukumbuka kazi ya mwimbaji wa opera. Anafundishwa kusikika katika ukumbi wa watu elfu mbili, mbele ya okestra nzima, bila maikrofoni. Hafanyi hivyo kwa kupiga kelele. Anaufungua mdomo na koo ili mwili wenyewe uikuze sauti, anaitegemeza pumzi kwa misuli ya tumbo na mbavu, na anaivuta noti ndefu ikiwa na mtetemo ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwimbaji wa muziki wa redioni hujifunza kinyume chake: anainong'oneza maikrofoni, na maikrofoni inafanya iliyobaki. Ukimweka soprano aliyefundwa kando ya gitaa la nyuzi kavu, ni yeye pekee utakayemsikia. Ukimweka mbele ya magitaa ya umeme, mambo yanajipanga. Magitaa hujaza sauti za chini na za kati, dramu zinagonga, na soprano anapita juu ambako pamebaki wazi. Vijana wa Kitee hawakulijua hilo kwa hesabu. Walilijua kwa kujaribu.

Mwanzoni mwa 1997 wakamwongeza Jukka Nevalainen kwenye dramu, Emppu akashika gitaa la umeme, wakarudia kurekodi. Kampuni ya Spinefarm ya Helsinki iliwapa mkataba, na mnamo Novemba 1997 ikatoka albamu ya Angels Fall First. Kusema kweli, ni demo iliyovishwa jalada. Hawakuwa na mpiga besi wa kudumu, na sehemu za mwanamume Holopainen aliziimba mwenyewe, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda. Katika albamu zilizofuata aliwaachia kazi hiyo wanaoiweza. Lakini katikati ya udhaifu huo kilikuwepo kitu ambacho masikio ya wakati ule hayakuwa yamezoea.

Hawakuwa wa kwanza kabisa, na wao wenyewe hawajawahi kudai hivyo. Kule Norway, The 3rd and the Mortal na Theatre of Tragedy walikuwa tayari na waimbaji wanawake wenye sauti laini. Uholanzi, The Gathering walikuwa wametoa Mandylion mwaka 1995 wakiwa na Anneke van Giersbergen. Sweden, Christofer Johnsson na bendi yake ya Therion waliingiza kwaya za opera katika Theli ya mwaka 1996. Tofauti ni hii: kwa Therion kwaya ni kundi la watu usiowajua sura, na kwa wale wengine mwanamke aliimba kama malaika mwenye huzuni aliyepotea njia akajikuta kwenye bendi. Tarja hakuimba kama aliyepotea. Alisimama katikati na muziki ukapangwa kumzunguka.

Onyesho la kwanza walilifanya Kitee usiku wa tarehe 31 Desemba 1997. Kisha, badala ya kukimbilia barabarani kama bendi yoyote yenye albamu mkononi, wakatulia, kwa sababu Finland inawataka vijana wa kiume waingie jeshini, na zamu ya wanabendi ilikuwa imefika. Tarja naye alikuwa na mitihani. Mwaka 1998 alikuwa akiimba Wagner na Verdi katika kwaya ya tamasha la opera la Savonlinna, linalofanyika ndani ya ngome ya kale ya mawe, na mwaka uliofuata aliimba katika Opera ya Taifa mjini Helsinki, kwenye kazi ya bendi ya Waltari iliyochanganya roki na dansi ya balei. Mwenyewe aliuona uimbaji wa kitaaluma kama maisha yake halisi, na bendi kama jambo la pembeni litakaloisha lenyewe. Tofauti hiyo ya matarajio kati yake na mtunzi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na kwa miaka mingi haikumuumiza mtu.

Sami Vänskä alipoingia na gitaa la besi, wakaingia studio palepale Kitee na fundi mitambo wao, Tero Kinnunen. Oceanborn ilitoka Desemba 1998. Hii ndiyo albamu ninayompa mtu anayetaka kujua walianza wapi. Kasi imeongezeka, kinanda kinakimbizana na gitaa, na Tarja anapanda hadi mahali ambapo yeye mwenyewe baadaye alikiri kuwa palikuwa pagumu kufika kila usiku jukwaani. Wimbo wao wa Sacrament of Wilderness ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Finland. Mwaka 1999 walizunguka Ulaya na bendi ya Rage kutoka Ujerumani, na kwa ajili ya soko la huko wakarekodi Sleeping Sun, wimbo wa taratibu uliotolewa mwaka wa kupatwa kwa jua kulikoonekana Ujerumani mwezi Agosti. Sleeping Sun uliwafikia hata watu wasioweza kuvumilia dakika mbili za metali.

Halafu kikaja kisa cha Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya. Mwaka 2000 Nightwish waliingia katika mchujo wa kuiwakilisha Finland kwa wimbo wa Sleepwalker. Watazamaji waliopiga simu waliwapa kura nyingi kuliko mshiriki mwingine yeyote. Jopo la waamuzi likawashusha, wakamaliza wa tatu. Aliyeshinda, Nina Åström, alikwenda Stockholm akashika nafasi ya 18. Miaka sita baadaye Finland ilipeleka Lordi, wanaume na mwanamke waliovaa vinyago vya mazimwi na kupiga roki nzito, wakalichukua kombe. Waamuzi wa mwaka 2000 bila shaka walikuwa na sababu zao. Wananchi walikuwa wamekwisha kuamua.

Mei 2000 ikatoka Wishmaster, ikashika namba moja Finland kwa majuma matatu, na ziara yake ikawafikisha Amerika ya Kusini. Kwa vijana waliokuwa wakirekodi kijijini, ilikuwa ni kuamka na kukuta umati usiojua hata neno la Kifini ukiimba nao. Tarja alikwenda Karlsruhe, Ujerumani, kuendelea na masomo ya uimbaji, kwa hiyo mwimbaji wa bendi iliyoongoza nyumbani alikuwa darasani nchi nyingine.

Mwaka 2001 nusura yote yaishe. Holopainen, akiwa amechoka na mwenye mfadhaiko, aliamua kuivunja bendi. Kulikuwa na kutoelewana ambako wahusika wamekuwa wakikueleza nusunusu tu. Alikwenda kutembea porini na rafiki, akarudi na masharti: bendi iendelee, ipate meneja, na Vänskä aondoke. Nafasi yake akaichukua Marco Hietala, mwanamume mwenye ndevu na uzoefu wa miaka mingi katika bendi yake ya Tarot. Hietala hakuleta besi tu. Alileta koo. Sauti yake ni ya juu lakini yenye mikwaruzo, na kwa mara ya kwanza Tarja alikuwa na mtu wa kujibizana naye anayemtosha. Katika Century Child ya mwaka 2002 waliimba pamoja The Phantom of the Opera, wimbo uleule uliomtoa Tarja kwa Whitney Houston na kumpeleka Kuopio. Hapo msichana wa Puhos aliimba sehemu ya Sarah Brightman mbele ya magitaa. Wapenzi wa opera wengine waliziba masikio, na sidhani aliwalaumu.

Albamu hiyo ina jambo jingine lililopita bila kelele. Hadi hapo, sehemu kubwa ya sauti za okestra zilizosikika katika Nightwish ilitoka kwenye kinanda cha Holopainen. Sasa waliikodi okestra ya mji wa Joensuu, makao makuu ya mkoa wao, watu wa karibu kabisa ambao wangeweza kupatikana. Msikilizaji wa taarabu ya Unguja hahitaji kuelezwa faida yake: anajua tofauti ya safu ya fidla zinazovutwa na watu walio hai nyuma ya mwimbaji mmoja, na kinanda kimoja cha umeme kinachoigiza fidla hizo harusini. Noti ni zilezile. Pumzi ndiyo haipo. Baada ya Joensuu, Holopainen hakutaka tena kurudi kwenye kuigiza.

Kwa hiyo mwaka 2004 walikwenda London. Okestra ya kule, na Pip Williams wa kuzipanga ala zake, viligharimu fedha ambazo bendi ya Finland haikuwa imezoea kutumia kwa albamu moja. Once ilitoka mwezi Juni. Ilishika namba moja Finland na Ujerumani, na wimbo wa Nemo, wenye kiitikio ambacho mtu hukariri akiusikia mara ya pili, ukawatoa kwenye majarida ya metali na kuwaingiza kwenye televisheni za kila nyumba. Ukiusikiliza vizuri Nemo utagundua kwamba Tarja haimbi kama alivyoimba mwaka 1998. Ameshuka chini, amepunguza mtetemo, maneno yanaeleweka. Wapo waliosema ameuza taaluma yake. Mimi nasikia mwimbaji aliyejua sasa wakati wa kuifungulia sauti na wakati wa kuizuia.

Pa kuifungulia pamo humohumo, katika Ghost Love Score. Ni wimbo wa dakika kumi. Unaanza na okestra, unaingia kwenye hadithi ya mapenzi yasiyopona, kisha katikati bendi inanyamaza na okestra na kwaya zinabaki peke yake kwa muda mrefu, kama sinema ambayo wahusika wameondoka na kamera inaendelea kuzunguka mandhari. Magitaa yanaporudi yanakuja na kiitikio kinachorudiwa mara baada ya mara, na juu yake mwimbaji anazidi kupanda. Ndoto ya mtoto wa Disney, mafunzo ya Savonlinna na ukali wa Metallica vyote vimo ndani ya wimbo mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuna hata kimoja kinachoonekana mgeni. Kama kuna mahali pa kusema kazi iliyoanza kisiwani imekamilika, ni hapo.

Agosti 2005 Helsinki ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya riadha, na Nightwish walipewa nafasi katika sherehe ya ufunguzi. Afrika Mashariki inayakumbuka mashindano hayo kwa mambo mengine: Dorcus Inzikuru wa Uganda akitwaa dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Benjamin Limo wa Kenya dhahabu ya mita 5000, na Christopher Isegwe wa Tanzania medali ya fedha ya marathoni katika mitaa ya mji uleule. Kwa Wafini, jambo la kutazamwa lilikuwa kwamba serikali na wafadhili, walipotaka kuionyesha dunia sura ya nchi yao, waliiita bendi ya metali kutoka Kitee. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu jopo la Eurovision.

Tarehe 21 Oktoba 2005 waliifunga ziara ya Once katika ukumbi wa Hartwall Areena, Helsinki, kamera zikirekodi. Walipiga kwa zaidi ya saa moja na nusu. Baada ya onyesho, wanaume wanne walikumbatiana na Tarja nyuma ya jukwaa, kisha wakamkabidhi barua. Ilimwambia kwamba hawataendelea naye. Siku iliyofuata barua ileile ilikuwa hadharani kwenye tovuti ya bendi, kila mtu asome. Ilisema kwamba amebadilika, kwamba maslahi na fedha vimetangulia mbele ya muziki, na ilimtaja mume wake, Marcelo Cabuli, mfanyabiashara kutoka Argentina, kuwa ndiye chanzo. Tarja alijibu kwa mkutano na waandishi wa habari: alisema ameumizwa, hasa kwa mambo ya ndani kutolewa nje na kwa mume wake kuingizwa.

Mengi yameandikwa juu ya nani alikuwa na haki, na mimi sina hamu ya kuongeza. Walioishi katika basi moja kwa miaka wanayajua yao. Lakini namna ya kuifanya ilikuwa mbaya, na ingekuwa mbaya hata kama kila neno la barua lingekuwa kweli. Mtu aliyesimama mbele ya watu zaidi ya elfu kumi akiwaaga bila kujua kwamba anawaaga, alistahili kuambiwa mezani. Pia barua haikusema kitu kimoja ambacho ndicho kiini cha ugomvi. Holopainen alitunga karibu nyimbo zote, muziki na maneno; kwake Nightwish ilikuwa shajara yake. Tarja aliyatamka maneno hayo kila usiku, na kwa mashabiki yeye ndiye aliyekuwa Nightwish, uso wake na koo lake. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuamini kwamba bila yeye hakuna bendi. Hakuna mkataba unaoweza kuandikwa wa kumaliza jambo hilo.

Wakati huo mbegu ilikuwa imeota kwingine. Uholanzi ilikuwa na Within Temptation, After Forever na Epica. Ujerumani, Norway na Italia zilikuwa na zao. Kampuni za kurekodi zilikuwa zikitafuta wasichana wenye sauti za darasani na nywele ndefu, na nyingi ya bendi zilizozaliwa hivyo zilichukua gauni na kinanda zikaacha utunzi. Ni aina ya muziki inayosameheka kidogo sana: ikikosa wimbo mzuri ndani yake, inabaki kelele iliyovaa mapambo.

Nightwish wenyewe walitangaza kutafuta mwimbaji, wakapokea demo zaidi ya elfu mbili. Mei 2007 walimtaja Anette Olzon wa Sweden, mwenye sauti ya pop na roki, isiyo na opera hata chembe. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ulivyoonekana, kwa sababu ulimwepusha na kulinganishwa noti kwa noti. Hata hivyo, Dark Passion Play ya mwaka huohuo inafunguka kwa wimbo wa karibu dakika 14, na humo, pale palipohitaji sauti ya kitaaluma ya juu kabisa, Holopainen alimweka mvulana wa Kiingereza mwenye sauti ya soprano. Alikuwa amemwondoa mwimbaji, ila masikio yake bado yaliidai sauti ile. Albamu iliongoza Finland na Ujerumani. Ndani yake mlikuwa na nyimbo mbili za kumjibu Tarja na mume wake, ambazo ingekuwa heri zibaki katika shajara.

Olzon alidumu miaka mitano. Katika ziara ya Marekani mwaka 2012 aliugua Denver, na siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba, ikatangazwa kuwa wameachana. Usiku uleule mjini Seattle alipanda jukwaani Floor Jansen wa Uholanzi, aliyekuwa mwimbaji wa After Forever, akiwa amepata siku chache tu za kuzishika nyimbo. Jansen anaweza opera, anaweza roki, na anaweza kunguruma kama wanaume wa bendi za zamani za Holopainen. Agosti 2013, katika tamasha la Wacken kaskazini mwa Ujerumani, mbele ya umati uliojaza uwanja wa wazi, aliimba Ghost Love Score. Onyesho lilirekodiwa na kutolewa. Wapo vijana wengi leo wanaoufahamu wimbo huo kwa sauti ya Jansen tu, na wanashangaa kuambiwa kwamba uliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Desemba 2015 walijaza Wembley Arena mjini London, mwanabiolojia Richard Dawkins akija jukwaani kusoma, kwa sababu albamu ya mwaka ule, Endless Forms Most Beautiful, ilihusu Darwin na uhai.

Tarja alitoa My Winter Storm mwaka 2007 na hajaacha kurekodi wala kuzunguka tangu hapo, safari hii kwa jina lake mwenyewe kwenye bango. Hietala, mmoja wa wanne walioitia sahihi ile barua, aliondoka Nightwish Januari 2021 akisema amechoka na biashara ya muziki. Nevalainen alikuwa amekwisha kuziacha dramu kwa sababu ya kukosa usingizi. Mwaka 2024 Nightwish walitoa Yesterwynde huku wakiwa wametangaza kwamba hawataizungusha jukwaani. Mwaka huohuo Hietala alitoa wimbo uitwao Left on Mars, na mwimbaji mwenzake ndani yake ni Tarja Turunen. Walizunguka pamoja, na katika orodha ya nyimbo walizopiga zilikuwemo za Nightwish.